Mume wangu ni ushuhuda wa kanisa, lakini harufu ya pombe imerudi

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 38, naishi Arusha na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Naomba usitaje jina langu wala kanisa letu, maana hapa mtaani tunajulikana sana, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Niliolewa na mnywaji, sikudanganywa. Mwanzoni zilikuwa bia za mwisho wa wiki. Baadaye vikaja viroba asubuhi kabla hajashika kazi, anasema anazimua. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017 nilipiga vigelegele nikijua tumepona. Akahamia kwenye gongo. Aliuza mashine ya kuchomelea, akauza ya kukatia chuma, akaanza kudaiwa na wateja ambao pesa zao alishazinywa.

Mwaka juzi aliamua kuacha mwenyewe. Siku ya pili akaanguka sebuleni, anatupa miguu, povu mdomoni, watoto wanaangalia. Akalazwa. Alipotoka hospitali kaka yake akamlipia soba, nyumba ya kuwasaidia walevi kuacha pombe, akakaa miezi sita. Huko ndiko alikookoka. Mshauri, alirudi mtu mwingine. Anaamka kusali kabla ya jogoo, anawapeleka watoto shule, ukimpigia simu anapokea! Kaka yake akamkopesha mtaji wa kuanza tena.

Sisi ni Walutheri wa kuzaliwa, lakini mtumishi aliyekuwa anawahubiria kule soba yuko kwenye huduma moja hapa mjini, nasi tukahamia huko. Wametupokea vizuri mno. Mume wangu amepewa uongozi wa wahudumu wa mlangoni, na kazi zake nyingi sasa anazipata kwa washirika. Wakija wageni huitwa mbele kushuhudia alivyofunguliwa.

Soba walimwambia aendelee na kikao cha kila Jumamosi. Wanakaa waliopitia ulevi tu, kila mmoja anajitaja jina na kusema, "Mimi ni mraibu." Mchungaji aliposikia hivyo akamwambia kinywa huumba, mtu aliyewekwa huru hawezi kujiita mraibu. Akaacha vikao. Baadaye akaacha na kliniki, eti kwenda huko ni kumtilia Mungu shaka.

Mwezi wa nane nikaanza kusikia harufu ya pipi za mnanaa kila jioni. Sikusema. Siku moja nikaenda karakana kumpelekea chakula, nikakuta kichupa kwenye boksi la vifaa. Alipiga magoti, akalia kama mtoto, akasema ni mara moja tu. Akanitaka niape kwa Biblia kwamba sitamwambia mtu yeyote. Niliapa. Tangu hapo nimesikia harufu tena, sijui mara ngapi, nimechoka kuhesabu. Watoto hawajui kitu, ila binti yangu wa kidato cha kwanza aliniuliza kwa nini siku hizi baba anakula pipi sana.

Sasa mwishoni mwa Novemba kuna mkutano mkubwa wa injili. Mchungaji anataka tusimame jukwaani wote wawili, mume na mke, na picha yetu ipo kwenye bango. Kabla ya hapo kanisa zima litafunga kavu siku tatu. Mume wangu anasema mfungo huo ndio utakaommalizia kabisa. Halafu Desemba tunakwenda kwao Rombo, na unajua Desemba ya Uchagani, mbege haikauki. Wifi yangu, ambaye sijamwambia ila nadhani anahisi, amenipa vidonge nimchanganyie kwenye chai, anasema akinywa pombe atatapika hadi aichukie. Vipo kabatini.

Nikisimama jukwaani nitakuwa mwongo mbele za Mungu. Nikikataa, watu watauliza. Nikisema, nimevunja kiapo, na huenda tukapoteza kanisa na kazi. Usiku najiuliza hata kama aliokoka kweli. Nifanye nini?

Mama Watatu, Arusha

MSHAURI ANAJIBU

Amina, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimeishia palepale ulipoandika kwamba ukimpigia simu anapokea. Aliyeishi na mlevi anajua uzito wa sentensi hiyo. Mliyoyapata baada ya soba ni mambo ya kweli, hata kama leo kuna kichupa kwenye boksi la vifaa.

Umeniuliza kuhusu jukwaa. Nikikuelewa vizuri, unajiona umebanwa kati ya uongo mbele za Mungu na usaliti kwa mumeo, na nyuma yako kuna watoto, karakana na kanisa lililowapokea mlipokuwa hamna kitu. Nitafika jukwaani. Niruhusu nianze na mfungo, kwa sababu mfungo huo una tarehe, na una hatari ambayo hukuitaja. Labda hakuna aliyekueleza.

Mumeo aliwahi kuanguka siku ya pili baada ya kuacha pombe ghafla. Ndivyo mwili uliozoea pombe kila siku unavyofanya ukinyimwa. Saa chache baada ya chupa ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio. Degedege, likija, huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wanaona wadudu ukutani au watu ambao hawapo, na hapo ndipo waombaji husema pepo limejidhihirisha. Hali hiyo inaua. Hospitali ina dawa za kuituliza na vitamini B1 ya kulinda ubongo, na aliyewahi kupata degedege la kuacha pombe yuko karibu zaidi na kulipata tena. Sasa weka juu yake siku tatu bila hata maji.

Kama amekunywa mara mojamoja tu, huenda mwili wake haujafika huko. Kama anakunywa kila siku kwa siri, amefika. Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu anayejua ni yeye peke yake. Kwa hiyo kabla ya mfungo amwone daktari, na amwambie ukweli wote. Mount Meru ni hospitali ya rufaa ya mkoa na ipo hapohapo mjini. Ulizia huduma za afya ya akili. Akianza kutetemeka au kuweweseka siku yoyote, usimpeleke chumba cha maombi. Mpeleke hospitali, na wanaotaka kuomba wakaombee pale kwenye benchi la mapokezi, Mungu anasikia. Kuhusu kiapo chako, nakuachia swali: ulipoapa, mlikuwa mnalinda jina lake au mlikuwa mnamficha hata kwa daktari? Daktari anafungwa na siri ya kazi yake, habari hiyo haitafika kwenye bango.

Unajiuliza kama aliokoka kweli. Siwezi kuuona moyo wa mtu nikiwa huku kwenye meza yangu, lakini naona unachukulia kwamba aliyeokoka hawezi kunywa tena, na kwamba akinywa basi wokovu ulikuwa wa bandia. Hebu nikusimulie habari ya daktari mmoja.

Mwezi Desemba 1934 mtu mmoja wa New York, Bill Wilson, alilazwa kwa ulevi, na haikuwa mara yake ya kwanza. Akiwa kitandani, akitibiwa, alimlilia Mungu, na mwenyewe alisimulia kwamba chumba kilijaa nuru. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1971. Angalia mahali alipokutana na Mungu: wodini. Miezi michache baadaye, Mei 1935, akiwa mji wa Akron huko Marekani, alikutana na daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith. Huyu alikuwa ameshakaa zaidi ya miaka miwili katika kikundi cha Wakristo, anasali nao, anasoma nao Maandiko, na muda wote huo anakunywa. Baada ya kuzungumza na Bill aliacha. Wiki chache baadaye akasafiri kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akanywa tena, akarudi nyumbani hajiwezi. Alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, na inasimuliwa kwamba asubuhi ya siku hiyo Bill alimpa bia ili mikono itulie. Kinywaji chake cha mwisho kinahesabiwa kuwa cha tarehe 10 Juni 1935. Ndiyo tarehe ambayo Alcoholics Anonymous, ule ushirika ambao mtindo wake wa vikao umefika hata kwenye soba zetu, wanaihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa. Wangeweza kuchagua siku Bill alipoona nuru. Wakachagua siku ya mtu aliyetoka kuanguka.

Nilichokisimulia kinanifikirisha sana juu ya mumeo. Bob Smith hakupungukiwa maombi. Alipungukiwa mtu aliyepitia ulevi kama yeye, wa kumwambia "jana nilinywa" bila kupoteza heshima yake. Mumeo alikuwa na watu wa namna hiyo kila Jumamosi, leo hana hata mmoja. Ana wewe, na wewe umeapishwa. Alitoka soba akiwa ameshikwa na dawa, kliniki, wenzake, kaka yake na maombi. Vingine vimeondolewa kimoja baada ya kingine, tena kwa nia njema, mpaka amebaki kama geti zito linaloning'inia kwenye bawaba moja, na sasa mkutano mzima unataka kupita hapo.

Simlaumu mchungaji wenu kwa haraka. Huenda ameona watu wengi wakijiita majina mabaya hadi wakayazoea, na huenda hajawahi kuelezwa kile kikao kinafanya nini. Lakini ningemwomba tusome wote Marko sura ya 8, yule kipofu wa Bethsaida. Yesu alimwekea mikono mara ya kwanza, akamuuliza kama anaona kitu. Akajibu anaona watu kama miti inatembea. Hakuona aibu kusema bado, wala hakukemewa kwa kukiri vibaya. Akawekewa mikono tena. Na Paulo, ambaye hata leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na tumbo la Timotheo akaliandikia mvinyo kidogo. (Mstari huo wa mvinyo walevi wote wanaujua kwa moyo. Wanasahau tu kwamba ni dozi.) Wakristo wenye ari hawakuona ugomvi kati ya imani na utaratibu wa kutunzana. Msalaba wa Buluu, chama cha kusaidia walevi, kilianzishwa Geneva mwaka 1877 na mchungaji, Louis-Lucien Rochat, na mpaka leo kinaendesha tiba na ushauri.

Turudi jukwaani. Mnaweza kusimama na kushuhudia kama mlivyopangiwa, na pengine jioni hiyo itapita salama. Ninachohofia ni asubuhi yake. Mtu aliyeshangiliwa na umati kwa jambo ambalo anajua si kweli hubeba mzigo ambao mlevi ana njia moja tu aliyoizoea ya kuutua. Tena kila mtu aliyeshangilia anakuwa mtu mwingine wa kumficha.

Unaweza kukataa kusimama bila kueleza. Maswali yatakuja, na mumeo ataona umemwacha peke yake mbele za watu kabla hujamwacha peke yake nyumbani. Unaweza pia kwenda kwa mchungaji bila mumeo kujua. Wapo wachungaji watakaolia nanyi, wampumzishe uongozi kwa upole na wamrudishe kwenye vikao vyake. Wapo watakaomsimamisha mbele ya ushirika. Wewe wako unamjua, mimi simjui. Fikiria alivyofanya mshirika mwingine alipoanguka, msichana aliyepata mimba labda, au mzee aliyekula sadaka. Huko ndiko kwenye jibu lako.

Kuna njia nyingine, na ndiyo ninayoiona mara nyingi ikianza kufungua mafundo, ingawa nayo inaweza kukataa. Zungumza naye kwanza, asubuhi, akiwa hajanywa, watoto wakiwa shule. Usianze na kichupa. Anza na hofu yako: kwamba unaogopa kumwona tena chini pale sebuleni. Mwambie kiapo kimekuwa kizito, na umwombe yeye mwenyewe achague mtu mmoja wa kumwambia. Anaweza kuwa kaka yake, au msimamizi wa soba, au mwenzake wa Jumamosi, au yule mtumishi aliyemhubiria. Akishasema kwa mtu mmoja, kiapo kimekwisha bila wewe kukivunja, na habari ya bango inaweza kuzungumzwa na watu wazima. Mkutano unaweza kupata ushuhuda mwingine. Au yeye mwenyewe, siku moja akiwa tayari, anaweza kusimama na kutaja hospitali, soba, maombi na hata kichupa. Sijui ni wangapi kwenye ule uwanja watakuwa na kichupa mfukoni, lakini nina hakika hawatakosekana.

Anaweza kukasirika. Hujaandika kama amewahi kukupiga, na nimeona hujaandika. Kama imewahi kutokea, mazungumzo hayo msifanye mkiwa peke yenu, na ujue kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu watoto kutojua, dada, binti yako amekuuliza habari za pipi. Mtoto wa kidato cha kwanza hashangai pipi. Alikuwa sebuleni siku ile baba alipoanguka, kwa hiyo naye ana pua iliyofundishwa kama yako. Si lazima umweleze yote. Lakini akiuliza tena, kumwambia "baba anaumwa ule ugonjwa wake, tunautafutia matibabu, na wewe huna kosa" kutamsaidia kuliko kumwambia hakuna kitu.

Nawe je? Unanusa, unahesabu, unakagua boksi la vifaa, unalinda jina, unatabasamu ibadani. Wake wa wale walevi wa kwanza wa Marekani walikuwa wakiwasubiri waume zao nje ya vikao, mwishowe wakagundua kwamba wao pia wanaumwa. Lois, mke wa Bill, akashiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi. Uliza kule soba kama wana siku ya familia. Kama hawana, tafuta mwanamke mmoja aliyepitia haya, hata kama ni Mlutheri wa kule mlikotoka.

Rombo sitaizungumza sana, maana Desemba bado ina nafasi na kaka yake anaijua njia. Kata ya mbege inayotoka mkononi mwa mzee hairudishwi kirahisi, tunajua wote, kwa hiyo asiachiwe mumeo kuirudisha. Kaka aliyelipa soba akiwaambia wazee mapema kwamba mdogo wake anatumia dawa na amekatazwa pombe, wengi wataelewa, na atakayetania atakuwa anamtania kaka. Mnaweza pia kwenda siku chache, mkafika asubuhi ya sherehe badala ya wiki nzima kabla. Wengine mwaka wa kwanza hawaendi kabisa, na wazee wananuna, kisha wananyamaza.

Vidonge vya wifi yako nimeviacha mwisho ili visikupotee katikati ya maneno mengi. Kutokana na ulivyoeleza, nahisi ni disulfirami, au kitu cha jamii hiyo. Ni dawa halali, na wapo inaowasaidia, lakini hupewa mtu anayejua anachokunywa na aliyekubali, baada ya daktari kupima ini na kuangalia moyo. Akinywa pombe bila kujua kwamba dawa hiyo imo mwilini, uso utamwiva, moyo utapiga mbio, presha inaweza kushuka ghafla, na wapo waliokufa. Na siku atakapogundua chai yake ilikuwa na kitu, utakuwa umepoteza mezani kwako ule uaminifu unaojaribu kuujenga. Vitoe kabatini leo, kabla mtoto hajaviona. Vifunge kwenye karatasi, na kama mumeo atakubali kwenda kumwona daktari, nendeni navyo, vikawekwe mezani mbele yenu wote watatu. Yawezekana daktari akasema vinamfaa, yawezekana akampa dawa nyingine ya kupunguza hamu. Niandikie utakavyoambiwa.